Koti la Nta

Mjomba,

Huku South Shields, kwenye mlango wa mto Tyne, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, tu wazima. Juzi kwenye simu uliniuliza wazee wa huku huvaa nini wakati wa mvua, kwa kuwa masika yamekukuta tena kwenye pikipiki, unapanda hadi Maskati, milimani Morogoro, na nailoni umeifunga shingoni. Jibu ni refu kuliko vocha yangu, ndiyo maana nakuandikia.

Mvua ya huku haingoji Machi. Hunyesha mwaka mzima, nyembamba, na upepo wa bahari huiingiza hadi ndani ya kola. Mwavuli hugeuzwa nje-ndani dakika hiyo hiyo. Mabaharia wa zamani walipaka nguo zao mafuta ya mbegu za kitani. Maji hayakupenya, ila baridi ikizidi nguo ilikakamaa, na kwa kukaa ikawa ya manjano. Mwaka 1894 Mskochi aitwaye John Barbour alifungua biashara hapa mjini, akawauzia watu wa bandarini nguo za kuzuia mvua. Miaka ya 1930 ikaja pamba iliyonyweshwa nta, laini na isiyokakamaa upesi, na hadi leo kampuni yake inashona makoti hayo hapa hapa South Shields.

Jirani yangu mstaafu analo moja alilonunua kabla mwanawe hajazaliwa, na mwana huyo sasa ana mvi. Kila mwaka kabla ya baridi hulitandika mezani. Halifui kwa sabuni wala mashine, hulifuta tope kwa maji baridi na sifongo. Kopo la nta huliweka ndani ya beseni la maji ya moto mpaka nta iyeyuke kama samli, kisha huipaka kotini kwa kitambaa, akikawia kwenye mishono, mabegani na kwenye viwiko, kwani huko ndiko maji huanzia. Mwisho hupitisha mashine ya kukaushia nywele, na nta inazama mbele ya macho yako. Viwiko vina viraka. Hakuna anayemcheka, hapa koti lenye viraka linaheshimiwa, na kiwandani kwenyewe hupokea makoti makuukuu wakayatia zipu mpya na nta mpya.

Hilo ndilo linalonivutia, mjomba: koti linatengenezeka. Nailoni yako ikichanika imekwisha, tena ndani unalowa jasho. Makoti ya mpira aliyoyabuni Charles Macintosh kule Glasgow mwaka 1823 yalikuwa na tabu hiyo hiyo ya jasho. Pamba ya nta huachia hewa kidogo. Ni nzito, nakubali, na kwa joto la mashamba ya miwa ya Mtibwa singemshauri mtu. Lakini Maskati, ukungu ukishuka na iliki imelowa, koti hilo lingekufaa kabisa.

Na tazama linachohitaji. Pamba inalimwa Usukuma. Turubai lilifumwa Morogoro penyewe, kwenye kiwanda cha Canvas Mill. Nta ya nyuki warina asali wetu wanayo, na Tabora inauzwa hadi nje ya nchi. Fundi cherehani hakosekani soko lolote. Sioni kwa nini koti la namna hii lisishonwe Moro, likavaliwa na bodaboda na wakulima wa milimani.

Basi naomba uanze wewe. Mpe fundi wa sokoni turubai jepesi la pamba, si la plastiki, akushonee koti la kufika chini ya magoti, kola ndefu, mshono mara mbili. Nta muichanganye na mafuta kidogo isipasuke kwenye mikunjo, na muiyeyushe juu ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, inawaka. Hela ya kitambaa na ya fundi naituma mwisho wa mwezi. Likipita masika moja bila kuvuja, nijulishe, tushone mengine.

Msalimie shangazi na watoto.

Mpwa wako