Oili Inafikaje Juu?

Hivi umewahi kusimama nje ya mashine ya kusaga kijijini ukaisikiliza injini? Sisemi kelele za kinu, nasema injini yenyewe. Tuk, tuk, tuk. Kazi hii ya uandishi imenipeleka vijiji kadhaa vya Singida, na nimeona kwamba fundi wa kule akiitwa, kabla hajafungua boliti hata moja, anainamisha kichwa na kusikiliza. Sikio lake linaelekea juu, kwenye hedi, zilipo valvu na roka.

Kwa sisi ambao hatukusomea ufundi, mambo yako hivi. Oili ya injini inakaa chini, kwenye sampu. Pistoni na kirenki viko jirani nayo, kwa hiyo kuvilowesha si kazi kubwa. Valvu ziko ghorofani. Zinafunguliwa na roka, kipande cha chuma kinachocheza kama pembea, nacho kinasukumwa na fimbo nyembamba kutoka chini. Ni chuma kwa chuma, kutwa nzima, tena palipo na joto kali. Sasa swali: oili iliyoko chini inafikaje kule juu?

Jibu linategemea injini uliyo nayo.

Chukua Lister ya zamani, ile 6/1 ya kutoka Dursley, Uingereza, ambayo baadaye viwanda vya Rajkot kule India viliinakili. Sita ni nguvu za farasi, moja ni silinda. Inazunguka mara 650 tu kwa dakika. Hii oili yake haifiki juu yenyewe! Mwendeshaji anatakiwa kuchukua kopo lenye mdomo mrefu na kudondoshea roka kwa mkono wake. Asipofanya hivyo, hakuna atakayemfanyia. Ndiyo maana wazee waliokulia kwenye injini hizi hawawashi mashine kabla ya kushika kopo.

Halafu kuna injini ndogo za petroli, mfano Honda GX160 na jamaa zake wengi wa Kichina wanaofanana nayo kama mapacha. Hizi ndizo zinazovuta maji kwenye bustani za vitunguu, vile vinavyojaza soko la Misuna pale Singida mjini. Ndani yake hakuna pampu ya oili. Kwenye konrodi kuna kijiko kidogo kinachochota oili na kuirusha, mpaka chini kote kunakuwa na ukungu wa oili. Pistoni ikishuka inasukuma hewa, na ukungu unapanda kupitia njia za zile fimbo hadi kwenye chumba cha roka. Matone yanalowesha roka, kisha yanarudi chini. Huko Marekani injini za ukoo huu zimo hata kwenye mashine za kukata nyasi ambazo mtu anazipanda na kuziendesha. Nyingi za hizo kirenki chake kimesimama wima, kwa hiyo badala ya kijiko kuna kigurudumu cha kurusha oili, au pampu kabisa.

Sasa fikiria. Injini inazunguka mara 3,600 kwa dakika, maana yake kila valvu inafunguka mara 30 kwa sekunde, na inategemea ukungu! Oili yote ni kama lita 0.6. Ikipungua kidogo, kijiko kinachota hewa. Ukiiweka pampu kwenye mteremko wa kingo ili mpira ufike majini, oili inakimbilia upande mmoja na kijiko kinakosa. Zipo zenye kifaa cha kuzima injini oili ikipungua, lakini kifaa hicho kinapima chini kwenye sampu. Kule juu pakikauka hakina habari.

Aina ya tatu ni dizeli za Kichina za silinda moja zilizolala, kama S195. Hizi zina pampu inayopandisha oili mpaka kwenye roka, na juu ya hedi kuna kidude chekundu kinachonyanyuka oili ikifika. Mtu ambaye hajui kusoma anaweza kukiangalia na kuelewa. Kisiponyanyuka, zima.

Unaweza kusema, wewe mwandishi roka zinakuhusu nini? Zinanihusu, kwa sababu najua nani analipa. Mashine ya kijiji ikinoki, mwenye mashine anapoteza fedha, lakini anayetembea na debe kichwani hadi kijiji cha pili ni mama, au binti aliyetakiwa kuwa darasani. Alizeti nayo inabaki kwenye magunia ikisubiri kukamuliwa.

Na tazama tunavyozipokea mashine hizi. Mwaka 2009 ilipozinduliwa Kilimo Kwanza, pawatila zilisambazwa kwenye halmashauri nyingi nchini. Mgeni rasmi huja, utepe hukatwa, picha hupigwa. Kitabu cha maelekezo mara nyingi ni cha Kiingereza, kinafungiwa kwenye droo. Mwendeshaji anaonyeshwa kuwasha na kuzima, basi. Kijana aliyezoea pampu ya petroli akikabidhiwa Lister, nani atamwambia kwamba hii inataka kopo? Na mzee wa Lister akipewa pampu ya petroli, nani atamwambia kwamba hii inataka kukaa sawasawa, oili ifike mdomoni mwa tundu la kujazia, na imwagwe kila baada ya saa 100?

Maelezo yote hayo yanaenea kwenye karatasi moja ya Kiswahili. Ukibandika ukutani mwa banda la mashine, hugharimu hata bei ya debe moja la mahindi. Lakini karatasi haina utepe wa kukata, na hakuna mgeni rasmi anayekuja kuizindua.

Siku ukipita kijijini kwenu, muulize mwenye mashine swali hili moja: oili inafikaje juu? Akikujibu bila kusita, mama zetu watasaga. Akikushangaa, kaa naye mumalize mazungumzo kabla hujaondoka.