Rangi ya Bahari Wakati wa Kusi

Mimi ni mwalimu wa lugha, na elimu yangu ya bahari haifiki magotini. Mwenzangu mmoja wa sayansi aliponitaka jina la Kiswahili la fitoplanktoni, nilimjibu kuwa jina haliundwi kabla ya kitu kujulikana. Akanionyesha picha za bahari zilizopigwa na setilaiti.

Fitoplanktoni ni viumbe vidogo mno, vielevavyo majini na kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Nilipendekeza “vijimea vya bahari”. Akakataa, maana baadhi yake si mimea, nami nikaona ana haki. Vikizidi, klorofili yake huigeuza buluu ya bahari kuwa kijani, na setilaiti hupima mgeuko huo. Chombo cha kwanza cha kazi hiyo kilirushwa mwaka 1978. Kingine, SeaWiFS, kilitazama tangu 1997 hata 2010, na misimu ya bahari ikasomeka kama kalenda.

Kalenda hiyo, msomaji, mabaharia wetu waliijua kwa majina ya pepo. Kusi huvuma kwa nguvu kati ya Juni na Septemba, ikayasukuma maji ya juu mbali na pwani za Somalia na Omani. Maji baridi hupanda kutoka kilindini pamoja na rutuba yake, bahari ikastawi kama shamba lililotiwa samadi. Wakati wa Kaskazi, upepo mkavu huyapoza maji ya juu kaskazini mwa Bahari ya Arabu. Huzama, yakachanganyika na ya chini, na ustawi wa pili huanza.

Jambo moja hunichoma. Kusi huja na mawingu, na jicho lisomalo rangi halipenyi wingu. Basi msimu wenye neema kubwa ndio wenye picha haba! Wataalamu huunganisha picha za siku nyingi ili kuziba mianya. Ni ujanja mzuri, lakini kiraka ni kiraka.

Tena kijani hueleza wingi kuliko aina. Katika karne hii, kiumbe kiitwacho Noctiluca kimetamalaki huko wakati wa Kaskazi, mahali palipokuwa pa diatomu. Setilaiti PACE, iliyorushwa Februari 2024, hupambanua rangi nyingi zaidi ili jamii hizo zitengwe. Hata hivyo, mtu hupanda chomboni, akateka maji, akayatazama kwa hadubini.