PSP ndani ya ndege: niliogopa mawimbi, nikasahau betri

Najua nimepotea siku nyingi, kazi zilinizidi. Leo tuweke programu kando, niwasimulie aibu niliyoipata hapa hapa kwetu Changamwe, kwenye uwanja wa ndege wa Moi.

Nilikuwa nampeleka mpwa wangu Nairobi. Yeye ana Nintendo Switch, mimi PSP yangu kuukuu. Usiku wake nikamhutubia: ndani ya ndege mawimbi yote yazimwe! PSP ina swichi ndogo ya kusukuma kwa kidole. Ukiizima, waifai imekufa. Nintendo DS ya 2004 haikuwa na swichi hiyo. Ukiingia PictoChat tu inaanza kurusha mawimbi. Switch ina hali ya ndege kwenye menyu. (Sisi watengenezaji programu hupenda menyu, lakini mimi naiamini zaidi swichi ninayoigusa.)

Kumbe mkosaji ni mwalimu. Sanduku lilipokaguliwa nikaitwa. Chini ya halua mlikuwa na pawabenki niliyoitia kwa mkono wangu mwenyewe.

Mawimbi ya mchezo ni hafifu sana, ndugu zangu. Moto ndio balaa. Betri ya lithiamu ikiharibika hujipasha joto mpaka ikawaka, na moto wake hauzimiki kirahisi. Juu, kwenye viti, kuna mtu wa kuona moshi na kumwaga maji. Chini, kwenye mizigo, nani ataona? Ndiyo maana betri za akiba hukaa mkobani. Hesabu yake rahisi: mAh mara volti, gawanya kwa 1000. Yangu ni 20,000 mara 3.7, yaani Wh 74. Ikizidi 100 omba ruhusa ya shirika la ndege. Na Emirates tangu Oktoba 2025 hawataki hata uitumie ndani ya ndege.

Na ikidondokea kwenye mwanya wa kiti, usikisogeze kiti ukaiponda. Mwite mhudumu.

Basi nikaihamishia mkobani. Mpwa akanigeukia, "Mjomba, na ile PSP yako?" Nikafungua kifuniko cha nyuma. Betri imevimba kama hamri! Miezi mingapi nimekuwa nalala nayo kando ya mto, sijui. Nikaitoa, nikaikabidhi kwa wakaguzi.

Safari haifiki saa nzima. Mtoto alicheza mpaka Nairobi, mimi nikatazama mawingu.