Mizunguko kumi na miwili na nusu

GOMA. Barabara ya kwenda Sake inawajua wakimbiaji wake. Mapema asubuhi, kabla ya chukudu na moto kuijaza, vijana wa klabu walikuwa wakipita pale wawili wawili. Kati yao alikuwemo binti mmoja wa Masisi, aliyefika Goma na mama yake mdogo vita vilipowatoa kijijini, wakapata hema Bulengo. Hiyo ilikuwa kabla kambi haijavunjwa mwanzoni mwa 2025.

Kilometa kumi na tano hazikumtisha. Kwa hiyo mwalimu wa klabu alipomwambia, “Binti yangu, siku ya posho utakimbia mita 5000 kwenye pisti,” aliona ni kazi ndogo. Kilometa tano ni nini kwa mtu wa barabara?

Pisti ilikuwa ya udongo, imechorwa kwa chokaa kuzunguka uwanja wa mpira. Mzunguko mmoja ni mita 400, na mita 5000 ni mizunguko 12 na nusu, kona zote upande wa kushoto. Barabara humficha mtu: kuna kilima, kuna kona, kuna vumbi la lori. Kwenye pisti hakuna pa kujificha. Kila baada ya dakika moja na nusu hivi unapita mbele ya watu wale wale, na mwenye saa anasoma sekunde zako kwa sauti.

Mwalimu alikuwa amempa hesabu rahisi: sekunde 96 kwa kila mzunguko, utamaliza kwa dakika 20. Lakini filimbi ilipolia, kundi liliondoka kwa kasi, naye akaondoka nalo. Mzunguko wake wa kwanza ulikuwa wa sekunde 82. Wengi wanaotoka barabarani huanguka hapo. Kwenye pisti kila mtu anataka mstari wa ndani, kwa sababu anayekimbia nje kwenye kona anakimbia mbali zaidi, na kusukumana kule kunamfanya mgeni asahau hesabu yake. Mzunguko wa nne ulikuwa tayari sekunde 100.

Kwenye mzunguko wa saba alisikia pumzi nyuma yake. Wa kwanza alimpita, akiwa amemzidi mzunguko mzima. Hapo sauti ikatoka kwa watu waliosimama kando: “Mkimbizi hajui kukimbia!” Watu wakacheka.

Majani yalikuwa hatua mbili tu kutoka mguu wake wa kushoto. Angeingia pale, angeinama, na hakuna ambaye angemuuliza. Lakini kuzungukwa si kosa: anayezungukwa anaendelea kuhesabiwa mizunguko yake kama wengine. Wa kwanza alipomaliza, binti alibakiwa na karibu mizunguko miwili. Wachezaji wa mpira walikuwa wameanza kuingia uwanjani. Alimaliza peke yake, dakika 20 na sekunde 39.

Mbele ya wakubwa wa mchezo huu, muda huo ni wa mbali sana. Beatrice Chebet wa Kenya alikimbia mita 5000 kwa dakika 13 na sekunde 58 mjini Eugene, Marekani, Julai 2025: kama sekunde 67 kwa kila mzunguko. Lakini Kongo nayo ina wake waliothubutu. Mwaka wa 2016, kati ya wanamichezo wanne tu walioiwakilisha nchi kwenye Olimpiki ya Rio, wawili walikuwa wakimbiaji. Makorobondo Salukombo, mzaliwa wa Kirotshe aliyefika Marekani kama mkimbizi, alikimbia maratoni. Beatrice Kamuchanga alikimbia mita 5000, kwenye pisti. Hakupita mchujo, lakini jina la nchi lilisomwa.

Kesho yake binti aliomba kamba. Akapima mzunguko mdogo kwenye kiwanja kilichokuwa wazi pembeni mwa mahema, juu ya majiwe meusi ya volkeno. Hakuwa na saa, kwa hiyo watoto wakawa ndio saa: kila akipita, mmoja anatupa kijiwe ndani ya bidoni iliyopasuka. Hakuwa akijifunza kwenda kasi. Alikuwa akijifunza kuanza polepole wakati wengine wanakimbia, jambo ambalo ni gumu zaidi.

Mama mdogo alimtazama siku tatu, kisha akauliza:

“Mwanangu, kila siku unazunguka hapo hapo. Unafika wapi?”

Majuma sita baadaye alirudi uwanjani. Mzunguko wa kwanza: sekunde 97, akiwa wa mwisho kabisa. Kando ya uwanja watu walianza tena maneno yao. Alizungukwa tena na yule wa kwanza. Lakini kuanzia mzunguko wa tisa, wale walioanza kwa pupa walianza kurudi kwake mmoja mmoja, naye akawapita watatu. Dakika 19 na sekunde 52. Hakupata zawadi yoyote, na hakuna aliyecheka.

Jioni hiyo, wakichambua maharagi, alimjibu mama yake mdogo swali lile.

“Ninafika pale nilipoanzia, mama.”

Mama akanyamaza kidogo, mkono ndani ya sinia.

“Basi wewe umetushinda sisi wote,” akasema, akaendelea kuchambua.