Mwenyeji wa Nakivale ni Nani?

Msafiri aondokaye Kakoba, katika mji wa Mbarara, kwenda makazi ya Nakivale wilayani Isingiro, ana mwendo wa kilomita zipatazo 50. Hupita vilima, migomba na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, hata alione ziwa ambalo makazi hayo yamepewa jina lake. Humo wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha.

Nilipofika, mzee mmoja alijitolea kunionyesha njia. Nikamwuliza, "Mzee, wewe ni mwenyeji wa hapa?" Akasimama, akacheka kidogo. "Wageni wakija, mimi huwapokea," akasema. "Lakini karatasi yangu yasema mkimbizi. Wewe niite upendavyo."

Jibu hilo lilinifunga kinywa. Katika Kiswahili mwenyeji ni mwenye mji, tena ndiye ampokeaye mgeni. Neno moja limebeba mambo mawili, asili na ukarimu. Mkazi ni yule akaaye mahali, hata kama ametoka mbali. Na mkimbizi ni neno la tendo, latokana na kukimbia. Wanyarwanda na Warundi nao husema impunzi, litokalo katika guhunga, maana yake ni ile ile. Basi mtoto aliyezaliwa Nakivale, asiyepata kukimbia popote ila kukimbilia mpira, kwa nini aitwe kwa tendo la babu yake?

Usidhani, ndugu msomaji, kuwa huu ni ubishi wa walimu wa sarufi. Nakivale ilipokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Lakini Wanyarwanda wengine walikuwa wamekaa katika ardhi ya Uganda tangu kabla ya wakimbizi hao, na Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yawataja miongoni mwa jamii za asili za nchi hiyo. Mwaka 1982 tofauti hiyo haikujaliwa. Jina la kabila likachanganywa na neno mkimbizi, na watu wengi wa Ankole, wakiwamo raia halali, wakafukuzwa majumbani mwao. Wengine walisukumwa makambini, wengine mpaka mpakani mwa Rwanda. Ng'ombe na nyumba zilipotea kwa neno lililotumiwa vibaya.

Katiba hiyo hiyo, katika ibara inayowapa waliozaliwa nchini haki ya kuandikishwa uraia, humwacha nje yule ambaye mzazi au babu yake alikuwa mkimbizi. Kwa hiyo neno hurithiwa, kama shamba lirithiwavyo, ijapokuwa shamba lenyewe la Nakivale mtu hulilima tu pasipo kulimiliki. Tanzania ilifuata njia nyingine: kufikia mwaka 2014 ilikuwa imewapa uraia Warundi wapatao 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, waliokimbia mwaka 1972 pamoja na watoto wao.

Askari aliye kwenye kizuizi cha barabara, au polisi aandikaye maelezo kituoni, hukutana na maneno haya kila siku. "Mkimbizi" ni hadhi ya kisheria, nayo humlinda mtu asirudishwe kwenye hatari. Mahali pake ni penye karatasi. Likifanywa jina la kumwitia mtu sokoni Kakoba, ambako wengi wa Nakivale huja kuuza na kununua, huwa tusi. Mimi huona "mkazi" latosha mahali pengi, maana halimnyang'anyi mtu kitu wala halimpi asichopewa na sheria.

Nilipoandika habari za yule mzee daftarini, niliandika: mkazi wa Nakivale. Akalisoma polepole, akanirudishia kalamu, akaniuliza kama nitakunywa chai.