Difu Inapumulia Wapi?

Mjomba ana Land Rover 109 ya zamani, Series III, aina iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Kijijini kwetu kando ya Ziwa Jipe hakuna anayesema ni gari la mjomba. Ni gari letu. Kiangazi linapeleka samaki, mahindi na wanafunzi hadi Kifaru, kwenye barabara kuu. Masika linapeleka wagonjwa. Mvua za kwetu ni haba, lakini zikinyesha juu, Milima ya Pare inatumwagia maji yote kwa mkupuo, na bodaboda zinakwama kwenye korongo la kwanza.

Januari mwaka jana, binamu yangu anayefanya kazi Dar es Salaam aliandika kwenye kundi la ukoo kwamba amepata hela kidogo na anataka kuliboresha gari. Aliweka na picha: Land Rover iliyoinuliwa juu, tairi pana zenye meno, winchi mbele, bomba la kuvutia hewa limepanda hadi kwenye paa. Lilikuwa gari zuri. Mjomba aliikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda, kisha akauliza:

"Na difu inapumulia wapi?"

Safari ndefu huipasha difu moto. Hewa iliyomo ndani hutanuka na kutokea kwenye kitundu kidogo juu ya ekseli. Ukiingia korongoni ikiwa bado ya moto, maji baridi huipoza ghafla, hewa husinyaa, na difu huanza kuvuta. Kitundu kikiwa kimezibwa na tope au kimezama, itakachovuta ni maji. Hutajua siku hiyo. Utajua baadaye, ukifungua bolti ya chini na oili ikatoka kama chai ya maziwa, huku meno ya gia yakiwa yameshaanza kulika. Bomba la paani huilinda injini, difu haliihusu. Dawa ya difu ni mpira mwembamba unaofungwa kwenye kile kitundu na kupandishwa hadi karibu na boneti. Mpira na klipu zake havifikii bei ya tairi moja.

Mambo mengine ya kwenye picha yalikuwa na hesabu zake. Ukiinua springi, propela inakaa kwa pembe kali na krosi zinakufa mapema. Tairi kubwa inaongeza mzigo kwenye shafti, kwenye usukani usio na msaada wa pampu, na kwenye breki za drami ambazo ni zilezile. Tena tope la kwetu lina chini ngumu: tairi nyembamba ya 7.50-16 hulikata ikafika chini ikapata pa kukanyaga, wakati ile pana huelea juu na kuteleza.

Mjomba ana orodha yake, na haipigiki picha. Grisi kwenye propela. Bushi. Mipira ya silinda za breki. Spana za inchi, kwa sababu spana ya 13 huingia kwenye nati ya nusu inchi lakini hulegea, na ukilazimisha unabaki na nati ya duara. Halafu kutu. Land Rover za kwanza, mwaka 1948, zilipewa bodi ya alumini kwa kuwa chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita, ndiyo maana bodi hizi huonekana nzima hata zikizeeka. Chasisi ni ya chuma. Kila masika yakiisha mjomba huigonga kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, akisikiliza.

Binamu hakufurahi. Namwelewa. Mtu aliyeondoka nyumbani hutaka hela yake ionekane: bati jipya, geti, tairi zenye meno. Nani atasimama barabarani aseme, tazama, yule kijana kamnunulia mjomba wake mpira wa kupumulia difu? Lakini alituma. Magoti ya mjomba hayamruhusu tena kulala chini ya gari, kwa hiyo nililala mimi, naye akakaa kwenye kigoda akitoa amri.

Aprili tulimpeleka mama mmoja mwenye uchungu wa uzazi, usiku. Korongo la pili maji yalifika katikati ya rimu. Tulipotoka ng'ambo breki hazikushika, maana drami zilikuwa zimelowa, na mjomba akaendesha polepole huku anagusa pedali kidogo kidogo hadi zikakauka. Mtoto alizaliwa hospitali. Wiki iliyofuata nilifungua bolti ya difu. Oili ilikuwa nyeusi, safi, bila tone la maji.

Desemba binamu alikuja likizo. Alilizunguka gari akitafuta hela yake, hakuiona. Kisha akavua saa, akalala kifudifudi kwenye vumbi na kuingia chini. Nilimmulikia kwa simu: huu mpira, hii silinda, hii bushi.

"Mpe nyundo," mjomba alisema kutoka kwenye kigoda. "Aanzie nyuma. Ikilia kama debe, aniite."