Mtoro Kabla ya Velten

Muswada wa kitaaluma ulipoingia chumba chetu cha uhariri, Dar es Salaam, mimi nilianzia mwisho, kwenye marejeleo. Sura ya kwanza ilikuwa na wasomaji wengi, lakini kurasa zile za nyuma hazikuwa na mwenyewe. Nilizipenda tangu mwanzo na nimezipenda mpaka nimestaafu. Hapo nilimjua mwandishi kabla sijasoma hoja yake: kama kitabu alikishika mwenyewe au alikinakili kutoka orodha ya mwenzake, kama anajua ni toleo gani alilosoma, na kama anawaheshimu waliolima shamba hilo kabla yake.

Aliyenifunza kazi alikuwa mhariri wa siku nyingi, mtu mpole aliyekuwa mkali katika jambo moja tu: rejeleo la kitabu halisahihishwi bila kitabu. Nilimwendea siku za mwanzo na kamusi ya Johnson.

"Shikamoo Mzee. Hili la Johnson wa 1939 kila mtu analiandika namna yake. Niandikeje?"

"Marahaba mwanangu. Kitabu chenyewe kinasemaje?"

Nikapanda Mlimani, maktaba ya Chuo Kikuu. Ukurasa wa jina ulisema mambo mengi kuliko nilivyotarajia. Kamusi ile ya Kiswahili na Kiingereza ilitolewa na Kamati ya Lugha iliyohudumia makoloni ya Afrika Mashariki, chini ya uongozi wa marehemu Frederick Johnson, na msingi wake ulikuwa kamusi ya Madan. Johnson alifariki 1937, miaka miwili kabla kitabu hakijatoka. Kumbe "Johnson, F." ni njia ya mkato. Ukimwandika peke yake, Kamati nzima inatoweka, na Madan, ambaye kamusi yake ilitoka 1903, anatoweka pamoja nayo. Tangu siku hiyo niliandika jina la Kamati kwanza, na Johnson nikamtaja baada ya jina la kitabu kama msimamizi.

Kamusi zilinifundisha zaidi ya vitabu vingine vyote. Kamati ile ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, na tangu 2009 kazi zake zimo ndani ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Kwa hiyo Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 na ya 2004 ni za TUKI. Ya 2013 ni ya TATAKI. Wapo waandishi wanaoandika "TATAKI 1981" kwa nia njema ya kwenda na wakati. Nilikataa kila mara. Taasisi huandikwa kwa jina ililokuwa nalo siku kitabu kilipotoka. Na mwandishi akijenga hoja juu ya fasili ya neno, sharti aseme ni toleo gani, kwa sababu fasili hubadilishwa na maneno huongezwa. Ukurasa hauna uzito sana hapo. Taja kidahizo, msomaji atakipata katika chapa yoyote ya toleo hilo.

Majina ya watu yalikuwa kazi nyingine. Miongozo tuliyoitumia ilitoka Marekani na Uingereza, na yote huchukulia kwamba kila mtu ana jina la ukoo linaloweza kutangulizwa, mengine yakafupishwa kuwa herufi. Kwetu jina la mwisho mara nyingi ni la baba au la babu. Katika orodha moja ya fasihi ya Zanzibar nilikutana na "Mohamed, S." mara kadhaa, huku kazi za Said Ahmed Mohamed na za Mohamed Suleiman Mohamed zikiwa zimechanganywa, mpaka Kiu, riwaya ya Mohamed Suleiman ya 1972, ikawa mikononi mwa mwenzake. Dawa yake ni rahisi: andika majina yote kwa ukamilifu. Nafasi inayookolewa kwa kufupisha ni ndogo mno kulinganisha na mtu anayepotea.

Miaka nayo. Kusadikika ilitoka 1951, lakini wengi wetu tunaisoma katika chapa za baadaye. Mwanafunzi akiandika mwaka wa chapa aliyonayo tu, Shaaban Robert, aliyefariki 1962, anaonekana ameandika baada ya uhuru, na hoja yoyote kuhusu ukoloni katika kitabu kile inayumba. Niliweka mwaka wa kwanza ndani ya mabano ya mraba, kisha mwaka wa chapa iliyotumika. Gharama yake ni tarakimu nne.

Lakini kitabu kilichonishughulisha kuliko vyote ni Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa Göttingen mwaka 1903. Kwenye jalada jina ni la Carl Velten, Mjerumani aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali ya kikoloni huku kwetu na baadaye akafundisha Kiswahili Berlin. Maneno yaliyomo si yake. Sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwana wa Bagamoyo, aliyefundisha lugha yake Berlin na akafia huko huko Ujerumani mwaka 1927. Malezi ya watoto, unyago, harusi, ngoma, mazishi, yote hayo yaliandikwa na mtu aliyeyaishi. J. W. T. Allen alipofasiri kitabu hicho kwa Kiingereza, kikatolewa na chuo kikuu cha California mwaka 1981, jalada lilimtaja Mtoro na Waswahili wenziwe kuwa ndio wenye kazi. Hata hivyo miswada iliendelea kuja na "Velten 1903".

Nikaanza kuandika hivi: Mtoro bin Mwinyi Bakari (1903), Desturi za Wasuaheli, mhariri C. Velten. Nilimweka chini ya M. Sikumgeuza kuwa "Bakari, M.", kwa sababu huyo ni mtu mwingine asiyejulikana na yeyote.

Profesa mmoja, mwandishi wetu wa siku nyingi, alinipigia simu.

"Mama, umenibadilishia Velten. Dunia nzima imeandika Velten. Msomaji akienda maktaba atatafuta nini?"

"Nimekuelewa, Profesa. Atatafuta Velten. Ila sura yako ya tatu yote inamnukuu Mtoro. Maneno ya nani yale?"

Alinyamaza, kisha akasema hoja yake ya maktaba bado ipo. Ilikuwepo kweli. Rejeleo lisilompeleka msomaji kwenye rafu halina faida, hata likiwa la haki kiasi gani. Tukakubaliana kuongeza mstari mmoja chini ya V: "Velten, C., tazama Mtoro bin Mwinyi Bakari." Baadaye tuliutumia mtindo huo kwa Al-Inkishafi pia, ambayo William Hichens aliihariri 1939, ili Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir atangulie katika utenzi wake mwenyewe.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilibishania mji wa uchapishaji. Kati ya miongozo ya kigeni, MLA waliacha kuutaka mwaka 2016, APA wakafuata 2019, na Chicago wakaja nao 2024. Sababu yao naielewa: kampuni kubwa zina ofisi kila mahali na mji haumwambii msomaji kitu. Kwetu unamwambia. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilitolewa na Oxford University Press mwaka 1969, Dar es Salaam. Ukiufuta mji, anayesoma mbali atadhani tamthilia ya Maji Maji ilichapwa Uingereza. Kitabu cha Walter Rodney kuhusu Ulaya na unyonge wa Afrika kilitoka 1972 kwa ushirikiano wa Bogle-L'Ouverture ya London na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam, Rodney akiwa mwalimu hapo Mlimani. Wanafunzi wa Mlimani huo huo hunukuu chapa ya Washington ya 1974. Kama ndiyo waliyoisoma, sawa, waiandike. Lakini mji ukiwepo, angalau wataona swali la kuuliza.

Mwongozo wetu wa ndani umeubakiza mji. Kijana aliyeshika meza yangu hupanga marejeleo kwa Zotero, na programu hiyo kwa kawaida huligawa jina katika visanduku viwili. Nilimwonyesha kwamba ina pia kisanduku kimoja cha jina lisilogawanywa, kinachotumiwa zaidi kwa taasisi. Humo TUKI imekaa pamoja na Mtoro bin Mwinyi Bakari, Muyaka bin Haji na Mwana Kupona binti Msham, na kompyuta haimgeuzi yeyote.